Umri Huchukua Hesabu, Jicho Hubaki

Marion Tinsley, bingwa wa drafti, alipoketi kukabiliana na programu ya kompyuta iitwayo Chinook mjini London, Agosti 1992, alikuwa na umri wa miaka 65. Ilikuwa drafti ya ubao wa miraba 64, kete 12 kila upande, na michezo 40 kwenye ratiba. Katika mashindano makubwa ya drafti hii hatua tatu za mwanzo huchaguliwa kwa bahati nasibu, ili mtu asije na mchezo mzima alioukariri nyumbani. Kwa hiyo mzee yule alilazimika kubeba kichwani funguzi nyingi mno, nyingine zikimfaa na nyingine zikimweka pabaya tangu mwanzo, na azicheze zote bila kuteleza.

Mchezo wa 5 akashinda. Wa 8 akapoteza. Wa 14 akapoteza tena, akawa nyuma. Wa 18 kompyuta ilipata hitilafu katikati ya mchezo, ikahesabiwa kushindwa. Wa 25 akashinda, wa 39 akashinda tena, na pambano likafungwa hapo: 4 zake, 2 za mashine, sare 33. Ili uelewe uzito wa zile mbili alizopoteza, jua kwamba tangu mwaka 1950 hadi siku ile, vipigo vyake vyote vilihesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Pambano hili husimuliwa sana kama habari ya mashine. Sisi ambao tumekaa kwenye mbao kwa miaka mingi tunalisoma kama habari ya umri. Kompyuta ina nguvu palepale ambapo umri hutupunguzia: kuhesabu hatua nyingi mbele bila kuchanganya, kukumbuka bila kusahau, na kukaa saa ya nne kama ilivyokaa saa ya kwanza. Ukitaka kujua miaka itakuondolea nini, tazama mashine inakushinda wapi. Na ukitaka kujua itakuachia nini, tazama jinsi Tinsley alivyopata zile nne. Moja alipewa na hitilafu, tatu alizifanyia kazi.

Miaka miwili kabla ya London walikutana katika michezo ya kirafiki. Kwenye hatua ya 10 Chinook ilicheza kete, na Tinsley akatamka papo hapo kwamba itaijutia. Programu yenyewe ilikuwa bado inajiona iko vizuri. Hatua ya 36 ikasalimu amri. Jonathan Schaeffer, mkuu wa timu iliyoitengeneza katika Chuo Kikuu cha Alberta, aliuchambua mchezo ule baadaye akaona kwamba, ili ushindi uthibitike kwa kuhesabu, ingebidi kutazama mbele karibu hatua 64. Hakuna binadamu anayehesabu hatua 64. Tinsley aliutambua mkao wa kete kama mtu anavyotambua sura ya ndugu yake gizani, bila kupima pua wala masikio.

Utambuzi huo una maelezo. Mwaka 1973 William Chase na Herbert Simon waliwaonyesha wachezaji wa sataranji ubao kwa sekunde 5 tu, kisha wakawataka waupange upya. Mkao ulipotoka katika mchezo wa kweli, bingwa alirudisha kete nyingi mno kuliko mwanagenzi. Kete zilipotawanywa ovyo, tofauti kati yao karibu ikafutika. Maana yake bingwa hakuwa na kumbukumbu kubwa kuliko wengine. Alikuwa na mafungu yaliyokwisha kufungwa, kete nne au tano zikisomwa kama neno moja. Mwaka 1981 Neil Charness aliwapima wachezaji wa rika mbalimbali, akakuta jambo ambalo kila mchezaji aliyepita miaka 40 angepaswa kulibandika ukutani: wenye umri mkubwa walitazama njia chache kuliko vijana wa kiwango kilekile, na bado hatua waliyoichagua ilikuwa nzuri sawa. Walikumbuka vibaya zaidi, wakatafuta kidogo zaidi, wakafika mahali palepale.

Ndiyo maana historia ya sataranji ina wazee wanaoonekana kuivunja kanuni. Emanuel Lasker alishinda New York 1924 akiwa na miaka 55, mbele ya Capablanca aliyekuwa bingwa wa dunia. Mwaka 1935 mjini Moscow, akiwa na miaka 66, alimaliza wa tatu bila kupoteza mchezo hata mmoja. Vasily Smyslov alifika fainali ya kumtafuta mpinzani wa bingwa wa dunia mwaka 1984, akatimiza miaka 63 katika kipindi kile, na aliyemzuia alikuwa Kasparov wa miaka 20. Viktor Korchnoi, miaka 79, alimpiga Fabiano Caruana wa miaka 18 huko Gibraltar mwaka 2011, tena akicheza na kete nyeusi.

Hata hivyo tusidanganyane. Uchambuzi wa michezo ya mabingwa wa zaidi ya karne moja, hatua zao zikilinganishwa na za kompyuta, unaweka kilele karibu na miaka 35. Baada ya hapo hakuna anayepanda kwa nguvu zilezile. Kinachowezekana ni kushuka polepole, na hilo lina kazi yake.

Tuanze na saa, kwa sababu ndiyo inayowaangusha wengi kabla ya ubao. Muda wa kawaida wa sataranji rasmi ni dakika 90 kwa hatua 40, kisha dakika 30, na sekunde 30 za nyongeza kwa kila hatua tangu mwanzo. Piga hesabu: hatua 40 zinaleta dakika 20 za nyongeza, jumla 110, yaani takriban dakika 2 na sekunde 45 kwa hatua. Mchezaji wa umri mkubwa hapotezi muda kwa sababu anafikiri taratibu. Anaupoteza kwa kurudia. Anahesabu njia moja, anafika mwisho wake, anaanza ya pili, halafu hana hakika tena ile ya kwanza iliishaje, anarudi. Mara tatu. Dakika 18 zimekwenda na hajapata chochote kipya.

Dawa yake ni kuufunga kila mstari kwa maneno. Ukimaliza kuhesabu njia, jisemee kimoyomoyo sentensi moja: «baada ya haya nina askari mmoja zaidi, lakini ngome yake imeingia safu ya pili». Sentensi hukaa kichwani vizuri kuliko picha ya ubao. Usiandike popote, kanuni za sataranji zinakataza kuandika chochote cha kukusaidia wakati wa mchezo. Kisha jiwekee alama za saa: hatua 10 za kwanza zisile zaidi ya dakika 10 ikiwa ufunguzi unaufahamu, ukifika hatua ya 20 uwe na angalau dakika 50, hakuna fikra moja inayozidi dakika 15, hata mkao uwe mzito vipi. Baada ya dakika 15 akili huwa inazunguka ilipokwisha pita. Chagua na ucheze.

Makosa makubwa yana mahali pake pia. Hatua zinazokosekana mara nyingi ni zile za kurudi nyuma: malkia anayejivuta kona, farasi anayerudi alikotoka, tembo anayeshambulia kutoka mwisho wa mshazari mrefu. Macho yetu yamezoea kwenda mbele. Kwa hiyo, mkono ukishaamua lakini kabla haujagusa kete, inua macho uanze upya kwa sekunde 10 hadi 15: mpinzani anaweza kumtishia mfalme wangu wapi, anaweza kula nini, na kete yangu ipi haina mlinzi. Kwa mpangilio huo, kila mara, hata hatua ikiwa dhahiri. Hasa ikiwa dhahiri.

Kisa cha Vladimir Kramnik kinafaa hapa, ingawa alikuwa na miaka 31 tu na ndiye bingwa wa dunia. Bonn, Novemba 2006, mchezo wa pili dhidi ya programu ya Deep Fritz. Mkao ulikuwa wake kwa raha. Kwenye hatua ya 34 akampeleka malkia mraba wa e3, na kompyuta ikamfunga mfalme wake kwa hatua moja, malkia h7. Hakuwa amebanwa na saa. Maelezo yanayoniridhisha zaidi ni kwamba malkia yule alilindwa na farasi aliyesimama f8, na mtindo huo wa kufunga mfalme hutokea kwa nadra sana. Tumezoea malkia wa h7 akilindwa na tembo wa mshazari au farasi wa g5. Jicho linaloishi kwa mafungu yaliyozoeleka halikulisoma fungu geni. Kompyuta haina fungu lililozoeleka, ilihesabu tu. Kadiri unavyozeeka ndivyo unavyoegemea zaidi mafungu, na ndivyo unavyohitaji zaidi zile sekunde 15 za kutazama kama mgeni.

Uwezo wa kuhesabu wenyewe unaweza kulindwa, si kurudishwa. Dakika 20 kwa siku zinatosha, mradi ziwe za aina sahihi: mikao 5 au 6 migumu, dakika 3 hadi 4 kila mmoja, bila kugusa kete, na andika njia nzima pamoja na majibu ya mpinzani kabla ya kufungua jibu. Ukiwa umepata hatua ya kwanza kwa kubahatisha lakini njia umeikosea, hesabu umekosa. Wengi hufanya kinyume: mafumbo 100 mepesi kwa kasi kwenye simu. Hayo hunoa utambuzi, ambao tayari unao, na huacha hesabu ilegee. Ukiona matokeo yako ya mafumbo ya haraka yanapanda huku michezo mirefu ikizorota, sababu ni hiyo.

Kuhusu funguzi nitasema kwa ufupi: punguza. Mmoja kwa kete nyeupe, mbili kwa nyeusi, kila njia isizidi hatua 12, na kila hatua iwe na sababu iliyoandikwa kwa maneno yako. Irudie baada ya siku 1, 3, 7 na 21. Kilichokaririwa bila sababu ndicho huondoka kwanza. Chagua miundo ya askari inayojirudia, ili mpango wa mchezo mmoja ukusaidie katika mwingine. Miisho ya michezo, kwa upande mwingine, ongeza. Maarifa yake hayachakai na hayadai kasi. Katika drafti ambayo kingi, yaani kete iliyofika mstari wa mwisho, hutembea mraba mmoja tu, mwenye kingi 3 dhidi ya 2 halazimiki kuhesabu mbali: anasukuma hadi alazimishe kubadilishana moja kwa moja, abaki na 2 dhidi ya 1, na huo ni ushindi hata mwenzake akijificha kwenye kona yenye miraba miwili. Ukiijua njia hiyo leo, ukifika miaka 70 bado ni yako.

Sasa kompyuta yenyewe. Programu nzuri ya bure kwenye simu ya kawaida inamshinda bingwa wa dunia wa sataranji, kwa hiyo kushindana nayo hakuna faida. Itumie kama mkaguzi, na mkaguzi huja kazi ikiisha. Mchezo ukimalizika, pitia mwenyewe kwanza injini, yaani programu hiyo, ikiwa imezimwa, dakika 30 hivi. Tia alama sehemu tatu ulizoona ni za kuamua. Kwa kila moja andika nani alikuwa mbele, kwa nini, na hatua gani nyingine ulizifikiria. Ndipo uwashe injini, uiamuru ionyeshe njia tatu bora badala ya moja, na uiache angalau dakika moja kwa kila mkao. Anayewasha injini mara tu mchezo ukiisha huona mshale wa hatua bora, husema «kumbe», na kesho yake hukosea palepale, kwa sababu hakuna alichokuwa amekiamini ambacho kilivunjwa.

Namba zake, zinazopima nani yuko mbele, zisome kwa uangalifu. Kwenye Stockfish, injini maarufu ya sataranji, tangu toleo la 15.1 la Desemba 2022, +1.00 haina tena maana ya kuwa mbele kwa askari mmoja. Imepangwa ilingane na nafasi ya asilimia 50 ya kushinda injini hiyo ikicheza na nafsi yake. Baina ya binadamu wawili hali ni nyingine. Hata 0.00 ina hila zake. Tazama njia ya pili na ya tatu. Ikiwa ya kwanza ni 0.00, ya pili ni -2.3 na ya tatu -3.1, basi ile sare inasimama juu ya uzi mmoja, na mtu mwenye dakika 6 kwenye saa ataukata. Ikiwa zote tatu ziko karibu na 0.00, mkao kweli ni mtulivu. Mchezaji wa umri mkubwa aache mikao ya uzi mmoja hata ikiwa injini inaisifu. Tofauti ya 0.2 au 0.3 kwa ajili ya mkao unaoujua ni bei nafuu.

Kila kosa lipe sababu moja kati ya nne: sikuiona, niliiona nikaipima vibaya, sikuwa na maarifa, au saa ilinibana. Ukikusanya michezo 20, hesabu. Zikizidi za kutoiona, rudi kwenye zile sekunde 15 na dakika 20 za kila siku. Zikizidi za kupima vibaya, soma michezo ya mabingwa walioucheza muundo uleule. Zikizidi za saa, tatizo huenda si saa, ni kurudia njia. Andika pia kila kosa lilitokea saa ya ngapi. Ukiona yamerundikana baada ya saa ya tatu, hakuna mafumbo yatakayokuponya. Unahitaji kusimama kila baada ya dakika 20 au 30 wakati mpinzani anafikiri, kutembea kidogo, kunywa maji, na kulala vya kutosha usiku wa kuamkia mchezo.

Katika Go, mchezo wa kuzingira eneo kwa mawe, kazi ni ileile, ila programu kama KataGo hutoa pia makadirio ya alama za eneo. Tofauti iliyo chini ya alama moja ipuuze. Na usidhani mashine hizi hazina upofu: mwaka 2023 mchezaji wa ridhaa, Kellin Pelrine, alishinda michezo 14 kati ya 15 dhidi ya programu yenye nguvu kwa kulizingira taratibu fungu lake la mawe lililojiviringisha duara, huku akiivuruga pembeni. Mtego huo ulivumbuliwa na programu nyingine, lakini aliucheza yeye, kwa mkono, bila msaada. Mpango mmoja ulioeleweka vizuri ndio uliozaa michezo ile 14. Alama tatu za hatari hapo ni fungu kubwa lenye umbo la pete, pumzi zake (nafasi wazi zinazoligusa) zikipungua polepole, na mpinzani asiyeshtuka. Binadamu angeona mapema.

Lasker, Smyslov, Korchnoi: ukipitia michezo yao ya uzeeni kwa injini, usitafute mshale wa kwanza unaolingana. Tafuta wanavyoyahamisha mapambano. Wanabadilishana malkia pale ambapo kijana angemhifadhi. Wanauacha mvutano wa askari usimame hatua sita, saba, mpaka mwenzao achoke kuungoja. Injini hutoa namba zilezile kwa njia nne tofauti, na wao huchagua ile ambayo mpinzani ndiye atakayelazimika kuhesabu. Nimewahi kusikia ikiitwa ujanja wa wazee. Mimi naona ni ustadi kamili, na unafundishika: kabla ya kuchagua kati ya hatua mbili zilizo sawa, jiulize ni ipi inayompa mwenzako kazi kubwa zaidi.

Tinsley na Chinook walirudiana mjini Boston mwaka 1994. Kufikia wakati huo programu ilikuwa na hifadhi kamili ya kila mkao wa kete 8 au pungufu, mikao bilioni 443 na zaidi, kila mmoja ukiwa na jibu lake la uhakika. Mzee wa miaka 67 alicheza nayo michezo sita. Yote sita sare. Kisha akajitoa kwa ajili ya ugonjwa, nao ulikuwa saratani ya kongosho. Alifariki Aprili 1995. Schaeffer na wenzake waliendelea. Hifadhi ikapanda hadi kete 10, mikao trilioni 39, na mwaka 2007 wakachapisha uthibitisho: katika mikao yote ya drafti, ambayo idadi yake ni takriban 5 ikifuatiwa na sifuri 20, pande zote mbili zisipokosea tangu mwanzo, mchezo ni sare. Kazi iliyoanza 1989 ilikuwa imechukua miaka 18, wakati fulani ikiendeshwa na kompyuta 200 kwa pamoja, kuthibitisha jambo ambalo mabingwa wa drafti walikuwa wakiliamini tangu zamani kwa kuutazama ubao.